Kitone, Rangi na Neno: Maoni ya Watumiaji kuhusu Zana za Paleti katika Sanaa ya Pikseli, kwa Mifano ya Migori na Homa Bay

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inatufaa sana tunapozungumzia programu za tarakilishi. Anayeiunda programu huijua ndani na nje, lakini kunguni wake huwajua yule anayeilalia kila siku, yaani mtumiaji. Ndiyo sababu waundaji huomba maoni: kipengele gani kimefaa, kipi kimekwaza, na kipi kinakosekana.

Makala haya yanafafanua aina moja ya programu hizo, nayo ni zana ya kupanga paleti za rangi kwa ajili ya sanaa ya pikseli. Yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, zana hiyo ni nini na hufanya kazi vipi. Pili, ni vipengele vipi ambavyo mtumiaji wa Kiswahili ana haki na wajibu wa kuvitolea maoni. Tatu, maoni hayo yaandikwe vipi ili yamfae muundaji. Mifano imetolewa katika kaunti za Migori na Homa Bay, kwa kuwa huko kuna urithi wa sanaa ya rangi chache uliotangulia tarakilishi kwa miaka mingi, na kwa kuwa Kiswahili huko huishi bega kwa bega na Kidholuo, Kisuba na Kikuria.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana hisa gani katika jambo hili? Jibu letu ni kwamba rangi huonekana kwa jicho lakini hupangwa, huitwa na kuombwa kwa neno. Zana isiyojua Kiswahili itamlazimu mtoto wa Mbita au wa Isebania kuitaja dunia yake kwa maneno ya kuazima. Na zana haiwezi kukijua Kiswahili iwapo wenyeji wa lugha hawajasema.

2.0 Pikseli, Paleti na Uchache wa Rangi

Pikseli ni kitone kidogo cha mraba ambacho ndicho msingi wa picha yoyote katika skrini. Haba na haba hujaza kibaba. Vitone vingi vikipangwa safu kwa safu huunda picha. Sanaa ya pikseli ni ile ambamo msanii hukiweka kila kitone kwa makusudi, na mtazamaji huweza kukiona. Wengi wetu tuliizoea bila kuijua jina. Simu ya Nokia 3310, iliyotolewa mwaka 2000, ilikuwa na skrini ya vitone 84 kwa 48, yaani vitone 4,032 tu, na katika uwanja huo mdogo nyoka alikimbia, akala na kurefuka. Kabla ya hapo, msanii Susan Kare alibuni alama za tarakilishi ya Macintosh ya mwaka 1984 katika miraba 32 kwa 32, kwa nyeusi na nyeupe pekee.

Paleti, kwa asili, ni kibao ambacho mchoraji huchanganyia rangi zake. Katika tarakilishi, neno hili humaanisha orodha ya rangi zilizochaguliwa kutumika katika picha fulani. Skrini za leo huweza kuonyesha rangi 16,777,216, kwa kuwa kila kitone huchanganya nyekundu, kijani na buluu, na kila moja ya hizo ina viwango 256. Tarakilishi za zamani hazikuwa na utajiri huo. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na rangi 16 tu, nayo michezo ya Game Boy ya mwaka 1989 ilichorwa kwa viwango vinne vya giza na mwanga. Uchache huo ulikuwa dhiki kwa wahandisi, lakini kwa wasanii ukawa shule. Msanii mwenye rangi nne hana budi kuamua kila moja itafanya kazi gani.

Uchache bado una faida ya kiuchumi. Picha ya vitone 32 kwa 32 ina vitone 1,024. Kama kila kitone kitabeba rangi yake kamili, picha itahitaji baiti 3,072. Lakini paleti ikiwa na rangi 16, kila kitone kitabeba nambari ya rangi tu, na picha itahitaji baiti 512, pamoja na baiti 48 za paleti yenyewe. Kwa anayenunua data kwa shilingi chache, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

3.0 Urithi wa Rangi Chache Nyanza ya Kusini

Ni kosa kudhani kwamba fikra ya paleti finyu ni ngeni kwetu. Katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, kuna michoro ya miambani katika sehemu za Mawanga na Kwitone. Michoro hiyo ni ya maumbo ya kijiometri: duara ndani ya duara na mizunguko inayojikunja. Rangi zake ni nyekundu na nyeupe. Huhusishwa na Watwa, watu wa uwindaji waliotangulia katika eneo hilo, na katika masimulizi ya wenyeji imefungamanishwa na maombi ya mvua. Makumbusho ya jamii ya Abasuba yaliyoko kisiwani humo yamekuwa yakiitunza kumbukumbu hiyo.

Tukivuka kuingia Kaunti ya Migori twakuta Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, na ambalo hukadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake zimesimama bila udongo wala saruji. Jiwe limeshikwa na jiwe. Boma hilo si mchoro, lakini linafundisha kanuni ile ile ya pikseli: umbo kubwa hutokana na kila kipande kidogo kuwekwa mahali pake kwa akili.

Aidha, maumbile yenyewe ya eneo hili ni paleti. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta ambalo maji yake ni ya kijani kutokana na viumbe vidogo vinavyoishi humo, na ambalo huzuriwa na heroe wenye rangi ya waridi. Kijani kipana na waridi kidogo: msanii gani wa pikseli asingeutamani mpangilio huo? Lakini, kama tutakavyoona, mpangilio huo huo ndio unaofichua udhaifu wa zana nyingi.

4.0 Vipengele Vinavyohitaji Maoni

4.1 Kuchota Rangi kutoka katika Picha

Kipengele kinachopendwa sana ni kile cha kuchota rangi: mtumiaji huingiza picha, kisha zana humpa rangi nane au kumi na sita zinazoiwakilisha. Njia mojawapo ya kufanya hivyo ilielezwa na Paul Heckbert mwaka 1982. Rangi zote za picha huwekwa katika kisanduku kimoja. Kisanduku hugawanywa mahali ambapo nusu ya vitone viko upande huu na nusu upande ule. Kila nusu hugawanywa tena, hadi idadi inayotakiwa ifikiwe. Kisha wastani wa kila kisanduku huwa rangi moja ya paleti.

Njia hii ni ya haki kwa wengi, lakini si ya haki kwa wachache. Ukiipa picha ya Simbi Nyaima, huenda ikakupa kijani sita na kijivu mbili, na waridi ya heroe ikamezwa, kwa kuwa vitone vyake ni vichache. Ukiipa picha ya mwamba wa Mfangano, jiwe litachukua karibu nafasi zote, na ile nyekundu iliyofifia, ambayo ndiyo habari yenyewe, itachanganywa na kahawia ya mwamba. Hapa mtumiaji hapaswi kuandika tu kwamba "zana ni mbaya." Anapaswa kuomba mambo mawili yanayowezekana: uwezo wa kuchagua sehemu ya picha itakayochotwa, na uwezo wa kuifunga rangi moja ili isimezwe.

Kuna tahadhari nyingine. Picha ya mwamba ule ule ikipigwa adhuhuri na ikapigwa tena jioni itatoa tarakimu tofauti. Ndiyo maana watafiti wa michoro ya miambani huweka kadi ya rangi sanifu kando ya mchoro kabla ya kupiga picha. Zana ambayo ingeweza kuisoma kadi hiyo na kusawazisha mwanga ingekuwa msaada mkubwa kwa wanaohifadhi kumbukumbu. Inafaa pia kukumbusha kwamba kamwe mwamba usilowanishwe kwa maji ili rangi "itoke vizuri" katika picha. Maji huiharibu rangi hiyo, na hakuna zana iwezayo kuirejesha.

4.2 Ngazi za Giza na Mwanga

Msanii wa pikseli hapangi rangi kama shanga mkebeni. Huzipanga kwa ngazi, kuanzia kivuli hadi mwanga. Zana nyingi huongeza nyeusi ili kupata kivuli na nyeupe ili kupata mwanga, na matokeo huwa picha iliyochujuka. Mtazame mvuvi aliyesimama ufukweni saa kumi na moja jioni: upande wake wa jua huelekea manjano, na upande wa kivuli huelekea samawati. Mtumiaji mwenye jicho hilo ataomba ngazi zinazogeuza aina ya rangi kidogo kidogo, si giza na mwanga pekee.

Katika kifungu hiki inafaa kutaja rangi za ngozi. Paleti ya rangi chache humlazimisha mwundaji kuwapa watu wote rangi moja au mbili. Kiswahili kinazijua ngozi kwa namna pana zaidi: kuna mweusi tititi, kuna maji ya kunde, kuna mweupe ambaye weupe wake si wa karatasi. Anayechora familia moja tu ya Homa Bay atahitaji ngazi ndefu ya kahawia. Kuomba ngazi hiyo si kujipendekeza. Ni kuomba zana iweze kutuchora.

4.3 Kukagua Uonekanaji

Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 hupata ugumu wa kutofautisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Hali hii hupatikana katika jamii zote, ingawa kwa viwango tofauti. Mchezo ambamo samaki wa kijani ni wa kuvuliwa na wa nyekundu ni wa kuachwa utamkatisha tamaa mchezaji wa aina hiyo bila kosa lake. Zana njema humwezesha msanii kuiona paleti yake kama ionekanavyo kwa mtu huyo.

Vilevile kuna ulinganuzi, yaani umbali wa mwangaza kati ya rangi mbili. Nyeusi juu ya nyeupe ina uwiano wa 21 kwa 1, ambao ndio wa juu kabisa. Miongozo ya kimataifa ya wavuti ya mwaka 2008 hudai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kwa anayeitazama simu yake chini ya jua la ufukwe wa Mbita au Sori, kiwango hicho si anasa; bila ulinganuzi wa kutosha haoni kitu.

4.4 Kuhifadhi na Kufanya Kazi bila Mtandao

Jambo hili tutalipitia kwa ufupi. Zana inayohitaji mtandao kila wakati humwacha mtumiaji mikono mitupu pindi data inapokwisha. Pia paleti isiyoweza kuhamishwa katika programu nyingine ni sawa na mtumbwi usio na kasia. Maoni hapa yaseme wazi: programu ipi mtumiaji anataka kuhamishia paleti, na simu yake ni ya aina gani.

5.0 Majina ya Rangi: Mahali ambapo Kiswahili Kina la Kusema

Mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay walidai kwamba lugha za dunia hupata majina ya msingi ya rangi kwa mpangilio, na kwamba lugha zenye majina matatu huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nadharia yao imepingwa na kurekebishwa mara nyingi, lakini Kiswahili kinaiunga mkono kwa namna ya kuvutia. Vivumishi vyetu vya asili vya rangi ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine zote zimetokana na vitu au zimekopwa: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, na samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Na rangi mbili za miamba ya Mfangano, nyekundu na nyeupe, zimo katika utatu huo.

Tofauti hii ina athari katika programu. Vivumishi vile vitatu hupatanishwa na ngeli: kitone cheupe, vitone vyeupe, mstari mweupe, mistari myeupe. Majina mengine hayapatanishwi. Hutumia kihusishi cha -a unganifu: kitone cha kijani, mistari ya kijani. Mwundaji asiyeijua lugha huandika sentensi yenye matundu, kisha akaiacha tarakilishi ijaze: idadi, nomino, rangi. Matokeo ni "vitone 12 nyekundu," kosa ambalo mwanafunzi wa darasa la nne angesahihishiwa kwa kalamu nyekundu.

Tiba ipo, nayo ni nyepesi. Neno "rangi" likiwekwa kati ya nomino na jina la rangi, upatanisho wote huhamia kwenye -a unganifu, na jina la rangi hubaki na umbo moja: vitone 12 vya rangi nyekundu, mistari mitatu ya rangi nyeupe, kitone kimoja cha rangi ya kijani. Maoni ya aina hii, yenye kosa, sababu na tiba, huweza kuandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili pekee. Mhandisi hawezi kuyabuni.

Kiswahili kina pia hazina ya kueleza ukolevu. Twasema nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Viigizi hivi hutaja upeo wa rangi. Katika msimbo wa tarakimu sita ambao tarakilishi hutumia, nyeupe pe ni #FFFFFF, nyeusi ti ni #000000, na nyekundu ndu ni #FF0000. Kwa zisizofikia upeo tunayo maneno kama iliyokolea, iliyofifia na iliyopauka. Ngazi nzima ya rangi yaweza kutajwa bila kukopa neno.

Hata hivyo, haifai tujidai kwamba jina moja litatosha kwa wote. Isebania, upande wa Migori, imepakana na Sirari ya Tanzania, na bidhaa huvuka kutwa. Mnunuzi mmoja ataitaja rangi ya samawati, wa pili bluu, wa tatu buluu; huyu atasema hudhurungi na yule kahawia. Wazungumzaji wa Kidholuo nao wana rachar kwa nyeupe, rateng' kwa nyeusi, rakwar kwa nyekundu, na rabuor kwa rangi inayoelekea kahawia, maneno ambayo hutumika sana katika kuwataja ng'ombe. Pendekezo letu ni kwamba zana iwe na jina sanifu moja la kuonyesha, lakini ikubali majina mengi katika kutafuta, na imruhusu mtumiaji kuongeza jina la kwao. Anayetafuta "rabuor" asiambiwe kwamba rangi hiyo haipo, ilhali ng'ombe wake amesimama nje.

6.0 Namna ya Kuandika Maoni Yanayofaa

Maoni mengi hupotea kwa sababu ya namna yalivyoandikwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumiaji wa kwanza anaandika: "Rangi hazitoki vizuri, rekebisheni." Wa pili anaandika: "Niliingiza picha ya ziwa lenye ndege wa waridi, nikaomba rangi nane. Nilitarajia waridi iwemo. Nilipata kijani sita na kijivu mbili. Natumia simu yenye skrini ndogo. Ningeweza kuifunga rangi moja kabla ya kuchota, tatizo lingekwisha." Wa kwanza amelalamika, wa pili ameeleza. Ndani ya maneno ya wa pili mna mambo matano: alichokuwa akifanya, alichotarajia, kilichotokea, kifaa chake, na pendekezo.

Ni vyema pia kutenganisha tatizo na suluhisho. Mtumiaji akisema "ongezeni kitufe," mwundaji hajui kitufe hicho kinatibu nini. Akilitaja tatizo, mwundaji anaweza kupata tiba iliyo bora kuliko kitufe. Kwa upande mwingine, mwundaji naye asihesabu sauti tu. Wenye mtandao wa kudumu huandika mara kumi, na wa kisiwani huandika mara moja, pengine baada ya kusubiri data. Sauti hiyo moja yaweza kuwa ndiyo waridi ya Simbi Nyaima: chache kwa vitone, lakini ndiyo habari ya picha.

Historia inatupa moyo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba istilahi za tarakilishi zaweza kupatikana pale wanalugha na wahandisi wanapoketi meza moja. Zana ya paleti ni ndogo mno ikilinganishwa na hiyo. 

7.0 Hitimisho

Katika makala haya tumeeleza kwamba zana ya paleti ni chombo cha kuchagua rangi chache kwa busara, kwamba busara hiyo si ngeni katika nchi yenye Mfangano na Thimlich Ohinga, na kwamba vipengele vya kuchota, kupanga, kukagua na kuita rangi vinahitaji maoni ya watumiaji wanaozungumza Kiswahili. Tumeonyesha pia kwamba kosa dogo la ngeli huweza kutibiwa kwa neno moja tu, "rangi."

Linalobaki ni kwa wanachama wenzetu. Mnaporudi nyumbani wakati wa likizo, fungueni mojawapo ya zana hizi, ipeni picha ya mahali mnapopajua, na mtazame ni rangi ipi iliyomezwa. Kisha andikeni, kwa Kiswahili fasaha, mlichotarajia na kilichotokea. Nyekundu ya Mfangano inafifia mwaka baada ya mwaka, na jina la rangi lisipotumika nalo hufifia vivyo hivyo. Asiyesema hupangiwa, na anayepangiwa rangi na wengine hatimaye huiona dunia yake kwa macho ya wengine.